Mfuko wa Aproni ya Hattie Crenshaw

Cleophus Tarrant alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo cha kabati katika ukumbi wa mji, na pumzi yake ikaacha ukungu pale pale ambapo mfanyakazi wa mji alikuwa ametoka kupangusa.

"Bwana Cleophus, kioo hicho tafadhali," alisema Meya Grady Lassiter, akimpigapiga bega kama mtu anayemtuliza farasi.

"Tarrant," akasema Cleophus bila kugeuka. "Babu yako ndiye alikuwa akiniita Cleophus. Wewe niite Tarrant."

Meya akacheka. Alikuwa na kicheko cha kukodi, kile kinacholetwa asubuhi pamoja na viti vya plastiki na kurudishwa jioni.

Ndani ya kabati walikuwa wameketi wanasesere thelathini na mmoja wa Verlene, mkewe, aliyezikwa miezi kumi na minne iliyopita. Wote wa kitambaa, wote kazi ya mkono wa marehemu Miss Eulalie Broadnax, na kila mmoja alikuwa mtu: mwalimu aliyewafundisha wazee weusi kuandika majina yao ili waruhusiwe kupiga kura, mwenye magari ya mazishi aliyeyatoa yabebe waandamanaji, mama aliyelala jela siku tisa na kofia yake ya kanisani kichwani. Mchungaji wa Atlanta anayejulikana dunia nzima alikuwemo pia, mmoja tu, kona ya nyuma. "Huyo ana wa kumkumbuka," Verlene alikuwa akisema. Miaka thelathini alimwandama Miss Eulalie katika kila mnada wa kanisa, na kila mara akarudi nyumbani na mwanasesere kifuani, kama mtu anayetoka wodi ya wazazi.

Alipokuwa akikata roho aliacha neno moja: wasitenganishwe, wasioze.

Kuoza ndiko kulikomleta Cleophus hapa. Baraza la mji lilikuwa limeugeuza mtaro wa maji uelekee Mtaa wa Nane, kwa sababu Mtaa wa Nane haukuwa na mtu wa kupiga kelele mwenye tai shingoni. Kila mvua ikinyesha, maji yaliingia nyumbani kwake mpaka chumba cha Verlene. Alikwenda ofisini kwao mara ngapi? Walimpa fomu. Alipowarudishia fomu, walimpa nyingine. Kisha ukungu ulipoanza kupanda kwenye pindo la gauni la mwanasesere wa kwanza, watu wale wale wakamjia na tabasamu: tunacho chumba kikavu, Bwana Cleophus, tunacho kabati la kioo. Wamloweshe wao, wamletee taulo wao. Na sasa karatasi ya kuukabidhi mji wanasesere moja kwa moja ilikuwa mezani, kalamu juu yake, kando ya chai ya barafu isiyo na sukari ya kutosha hata kumdanganya nzi.

Alikuwa tayari kusaini. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Ila macho yake yalikuwa yamekwama kwenye aproni.

Miaka arobaini Cleophus alishona viti: vya magari, makochi, mabenchi ya kanisa. Shule aliiacha darasa la sita, mashamba ya pamba yalipomwita, na kusoma kulibaki kwake kama kupapasa ukuta gizani. Lakini mshono aliusoma kama wengine wasomavyo gazeti. Na Miss Eulalie alikuwa na desturi yake: kila mshono aliumaliza na fundo nje, dogo kama punje ya haradali, lionekane. "Anayeficha fundo ana lingine analoficha," alikuwa akisema na pini mdomoni.

Mwanasesere wa Hattie Crenshaw, mpishi wa shule, alikuwa amevaa aproni nyeupe yenye mstari wa buluu. Mfuko wa aproni hiyo haukuwahi kufungwa. Humo ndimo ilimokaa barua iliyomfukuza Hattie kazi mwaka wa 1965, imekunjwa mpaka ikawa ndogo kama stempu. Leo mdomo wa mfuko ulikuwa umeshonwa. Uzi wa nailoni, unang'aa. Fundo halionekani.

"Dada Delphine," akaita.

Delphine Rucker, mwenyekiti wa kamati ya maadhimisho hayo ya harakati za kura, shemasi wa kanisa lao na mwalimu mstaafu, alikuja akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Ndugu Tarrant, wamependeza, eeh?"

"Mfuko huu umeushona wewe?"

"Nani kakwambia?"

"Mshono umeniambia. Mwalimu wa sayansi ya nyumbani anaficha fundo. Nailoni, Dada! Kwenye pamba! Hata gunia la viazi lingekukataa."

Delphine alitazama nyuma, kisha akashusha sauti. "Walitaka barua itolewe kabisa. Sahihi ya babu yake Meya imo mle, unajua. Nikasema hapana, nitafunga mfuko tu. Barua imo, Ndugu. Nimeiokoa."

"Umeiokoa kwa kuizika."

"Na wewe ulikuwa wapi kamati ilipokaa mara kumi na moja? Unajua kulalamika tu. Verlene angenielewa."

Hilo lilimchoma, kwa sababu huenda lilikuwa kweli. Cleophus akatia mkono mfukoni akatoa kisu chake kidogo cha kufumulia, mpini umelainika kwa miaka. "Fungueni kabati."

Meya alikuwa amesikia. "Jamani, leo ni siku ya kuponya majeraha. Halafu kuna taratibu, kuna bima..."

"Majeraha ya nani?" Sauti ilitoka mstari wa mbele, kwenye kiti cha magurudumu, chini ya kofia ya zambarau. Alikuwa Mama Ola, binti wa Hattie, miaka themanini na minane. "Hajasaini bado. Wanasesere ni wake. Fungua, mwanangu, kabla sijafia kwenye hotuba zenu."

Kina mama wa kanisa wakaguna kwa pamoja, mguno ule wa Jumapili mhubiri anapogusa penyewe. Kabati likafunguliwa.

Cleophus alikata nyuzi saba na kuzivuta moja moja, hakutoboa kitambaa. Barua ikatoka. Akaikunjua, akaiangalia, akaona wino tu. Miaka yote Verlene alimwambia ni barua ya kufukuzwa, naye hakuuliza zaidi, maana kuuliza kungekuwa kukiri kwamba hawezi kusoma mwenyewe.

Akamnyooshea Meya. "Wewe umesoma mpaka chuo kikuu. Tusomee."

"Sidhani kama ni mahali..."

"Babu yako alisomesha wangapi humu wapate kukusomea? Soma."

Meya alisafisha koo. Hapakuwa na mlango karibu naye. "'Hattie,'" akasoma.

"Si Bi Crenshaw?" akauliza Mama Ola.

"Imeandikwa Hattie."

"Naam. Endelea."

"'Hattie. Kuanzia leo jiko la shule halikuhitaji. Unajua mwenyewe Jumatatu ulikwenda kujiandikisha nini, na pamoja na nani. Usije kuaga watoto. Rudisha aproni, ni mali ya mji.'" Akaikunja, akamrudishia Cleophus. Jina la chini hakulisoma. Hakuna aliyehitaji alisome. Lilikuwa kwenye daraja, kwenye maktaba, na kwenye kibao cha mlango walioingilia.

"Mama hakuirudisha," alisema Mama Ola. "Walituma polisi waifuate mara mbili. Aliivaa ndani ya gauni kanisani. Alipofariki nilimpa Eulalie aikate, ndiyo hiyo aliyovaa mwanasesere."

Cleophus alitazama mstari wa buluu. Kisha karatasi mezani, na kalamu. Miaka sitini wameidai, na yeye, mjinga wa darasa la sita, amewaletea mwenyewe, ameipiga pasi.

Alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, na Meya akarudi hatua moja.

"Bwana Tarrant," Meya akasema, "pale kwako watalowa."

"Kumbe jina langu unalijua."

Akairudisha barua mfukoni mwa aproni, akamchukua Hattie. Hakumwomba mtu msaada, wala hakuna aliyetoa amri, lakini kina mama walisimama, mmoja mmoja, wakaingiza mikono kabatini. Delphine alikuwa wa mwisho. Alimchukua yule mama wa jela, akaiweka sawa kofia yake, na hakumtazama Cleophus.

Nje mawingu yalikuwa yameshuka. Cleophus alimweka Hattie kiti cha mbele cha pikapu yake, akamfunga mkanda. Alipofika njia panda alisimama. Kushoto ni Mtaa wa Nane na mtaro wake. Kulia ni kanisa, ambalo paa lake lenye kuvuja alikuwa analijua vizuri kuliko alivyotaka. Tone la kwanza likapiga kioo, kisha la pili.

Ncha ya karatasi ilikuwa imechungulia mfukoni. Aliiacha.

Aliwasha taa mchana kweupe, kama inavyofanywa kwenye msafara wa mazishi ya mtu wa heshima. Kwenye kioo cha nyuma akaona gari la kina mama linalomfuata likiwasha zake, na lililo nyuma ya hilo, na jingine, mpaka pale barabara inapokata kona.