Safu ya Umri

Siku ya kwanza Daktari alishindwa na mabano. Aliyafungua, akasahau kuyafunga, akabonyeza kitufe, na skrini ikamtapikia maandishi mekundu nusu ukurasa. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, mtafiti wa makuzi ya watoto, ambaye wenzake wakikutana naye kwenye korido husogea ukutani wampishe, alikaa mbele ya kompyuta yake akiona aibu kama mtoto aliyekojoa darasani. Akashusha skrini kidogo ili jirani yake asione.

Jirani yake, bwana mifugo mmoja mwenye kitambi na kicheko cha karibu, alikuwa ameshaona.

"Funga mabano, Daktari," alisema. "Mimi imeshanitukana mara saba tangu asubuhi. Utazoea."

Mafunzo yalikuwa ya siku tano, kwenye chumba cha kompyuta cha chuo: viti vya plastiki, feni mbili, moja ya kuzunguka na moja ya pambo. Watafiti kumi na wanne, kila mmoja bingwa huko kwao, walikuwa wamekuja kujifunza kuchambua data kwa kuandika amri badala ya kubofyabofya. Mkufunzi alikuwa binti mwembamba wa sauti ya chini, mdogo kiasi kwamba Daktari alikuwa na viatu vilivyomzidi umri.

Binti huyo alikuwa na wimbo mmoja tu: data uliyotoka nayo kazini haiguswi.

"Ukibofya," alikuwa akisema, "hakuna anayejua ulibofya nini. Hata wewe mwenyewe kesho hujui. Ukiandika amri, kila ulichofanya kipo, mstari kwa mstari. Mtu akiuliza, unamwonyesha."

Daktari aliyaona hayo ni maneno ya watu wasio na kazi za kutosha. Yeye alikuwa amebofya miaka ishirini na heshima yake ilikuwa imesimama. Lakini alijikaza kisabuni. Jumanne alisahau mkato. Jumatano asubuhi aliandika herufi kubwa mahali pa ndogo, akakwama robo saa nzima, mpaka mkufunzi akaja kuinama begani kwake na kumwonyesha kwa kidole, taratibu, kama anayemwelekeza bibi yake kutumia simu. Mtu unaweza kumchukia mwenzako kwa upole kama huo.

Kwa hiyo mkufunzi aliposema kila mmoja afungue faili moja chafu, lenye makosa, la kazini kwake, walifanyie mazoezi, Daktari aliona pa kurudishia heshima yake.

"Mimi ninalo moja ambalo hamjawahi kuliona," alisema, akijiweka sawa kwenye kiti. "Data iliyopikwa. Mtu alikaa kivulini akabuni watoto mia nne na kumi na wawili."

Chumba kizima kikageuka. Naye akasimulia vizuri, maana alikuwa ameshaisimulia mara nyingi. Miaka sita iliyopita alikuwa na mradi wa kupima watoto wa chini ya miaka mitano. Wapimaji walikuwa wanne, kila mmoja na mtaa wake na faili lake, wakipita nyumba kwa nyumba na mizani, wakiandika umri kwa miezi, uzito na urefu. Mmoja wao alikuwa mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda. Alimchukua kwa moyo mweupe. Siku ya kuangalia kazi, faili la Kitinda likamtoa macho pima: mtoto wa miezi saba ana kilo kumi na nane, mtoto wa miaka minne ana kilo sita.

"Nikamwondoa siku hiyohiyo," alisema Daktari. "Mdogo wangu wa tumbo moja. Kazi ni kazi."

"Pole," alisema mtaalamu wa mimea, mama mmoja wa makamo aliyekaa mbele. "Na undugu je?"

"Aliniomba radhi mbele ya familia nzima. Nikamsamehe. Ningefanyaje?"

Watu wakaguna ule mguno wa heshima. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu Daktari alijisikia amekaa kwenye kiti chake mwenyewe.

Mkufunzi alifurahi kupata mfano mzuri hivyo. Akaliweka faili ukutani kwa projekta. Anayebuni uzito, aliwaeleza, hupenda namba zisizo na mikia: kumi, kumi na mbili, akijitahidi sana kumi na nusu. Akaandika amri ya kuzihesabu. Uzito wa Kitinda ulikuwa na mikia ya kila aina, nane nukta saba, kumi na moja nukta tatu, tisa nukta nne. Akachora uzito dhidi ya urefu, na vitone vikapanda vizuri kutoka kona ya chini hadi ya juu, mrefu na kilo zake, mfupi na zake. Mkufunzi akakunja uso. Akachora uzito dhidi ya umri. Hapo vitone vikatapakaa ukuta mzima kama mchele uliomwagika.

"Ajabu," alisema. "Anayejua kubuni uzito na urefu vikaelewana hivi, angeshindwaje kubuni umri? Daktari, fomu zilipewaje namba?"

"Kwa kufuata nyumba. Nyumba ya kwanza, namba moja. Inayofuata, mbili. Mpaka mwisho wa mtaa."

"Basi tazameni." Akashuka na jedwali polepole. "Namba za fomu ni moja, mbili, tatu, hadi mia nne na kumi na mbili. Sawa. Sasa tazameni safu ya umri. Sita, sita, sita. Saba, saba. Nane. Inapanda tu. Mwisho kabisa, hamsini na tisa. Hakuna hata mmoja aliyeruka foleni."

Bwana mifugo ndiye aliyecheka kwanza. "Yaani mtaa mzima wamezaa kwa zamu? Nyumba hii ikimaliza, ya jirani inafuata?"

Darasa likaangua kicheko. Daktari alitabasamu kwa sababu wengine walikuwa wanacheka, kisha tabasamu likamganda.

"Hii haikupikwa," alisema mkufunzi. "Kuna mtu aliichagua safu ya umri peke yake, akaipanga kutoka mdogo hadi mkubwa. Programu huwa inauliza: na safu nyingine zifuate? Mwenye haraka anajibu hapana ili kisanduku kimtoke machoni. Basi umri unahama, uzito na urefu vinabaki, na kila mtoto anapewa umri wa mwenzake." Akatazama tena ukuta. "Aliyepima hana kosa lolote. Kazi yake ni safi. Ningetamani nyie wote mniletee kazi safi hivi."

Daktari alikumbuka. Hakulazimika hata kutafuta akilini. Ilikuwa mchana, kikao na wafadhili kinaanza, naye alitaka kujua tu mtoto mdogo kuliko wote ana miezi mingapi. Alibofya, kisanduku kidogo kikatokea na swali lake, akakifukuza kama nzi. Akaona sita. Akaandika sita kwenye daftari lake, akahifadhi faili, akakimbilia kikaoni. Hakuna mwingine aliyeligusa faili lile. Na wiki moja baadaye, alipoziona namba za ajabu, maboksi ya fomu za karatasi yalikuwa stoo ya chini, hata hatua hamsini hazifiki kutoka mezani kwake. Hakwenda. Alikuwa ameshakasirika, na hasira ilimtosha.

"Fomu zenyewe zipo?" aliuliza mkufunzi. "Tungeweza kuurudisha umri mahali pake."

"Ziliteketezwa. Miaka mitano ikipita huteketezwa."

"Na hilo faili lilikuwa kwa nani?" aliuliza yule mama wa mimea. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anataka kujua, kama mtu yeyote.

Daktari alitamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake cha plastiki.

"Lilipita mikononi mwa wengi," alisema. "Ofisi ile ilikuwa na watu wengi."

Mkufunzi alimtazama mara moja, kisha akainamisha macho kwenye kibodi yake. Alikuwa ameelewa. Akafungua zoezi jingine, akampa Daktari nafasi ya kuhema. Afadhali angemvua nguo mbele ya wote.

Mapumziko ya mchana yalipofika, Daktari alibeba kompyuta yake na hakurudi. Alitembea kwa miguu, maana hakutaka kukaa karibu na mtu. Kitinda alikuwa na duka la kutoa kopi mkabala na shule ya sekondari, na njia nzima Daktari alikuwa akikumbuka mambo ambayo kwa miaka sita alikuwa ameyakumbuka kwa namna nyingine.

Kitinda alikana. Miezi miwili alikana, akiapa, akilia. Kila mradi alioomba kazi waliulizia habari zake kwanza kwa Daktari, na Daktari aliwaambia ukweli kama alivyoujua. Mama yao alikuwa anaumwa moyo, akamsihi Kitinda aombe radhi yaishe. Basi Jumapili moja, sebuleni, mbele ya shangazi, kaka yao na watoto, Kitinda alipiga magoti akasema, "Nisamehe dada, nilizibuni." Daktari akamwinua kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi alilia machozi. Tangu siku hiyo ukoo mzima ulimtolea Daktari mfano kama mtu mwenye moyo mkubwa, naye aliizoea sifa hiyo mpaka ikawa kama nguo yake. Kukiwa na shughuli kwake, Kitinda ndiye alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, akiosha vyombo bila kutumwa. Naye Daktari alimwacha aoshe. Alidhani ndivyo inavyopaswa.

Mama yao alifariki mwaka uliofuata.

Kitinda alikuwa anakivisha plastiki cheti cha mtu. Alipomwona alifuta mikono haraka.

"Shikamoo dada. Mbona mchana huu? Unataka kuchapisha?"

"Marahaba," alisema Daktari. Njiani alikuwa amejipangia maneno. Yote yalimtoroka. Akafungua kompyuta juu ya kaunta, katikati ya rimu za karatasi, akaligeuza jedwali upande wa mdogo wake. "Zile namba hukuzibuni."

Kitinda aliinamia skrini.

"Ni mimi. Niliipanga safu ya umri peke yake, nikaziacha nyingine. Nilikuwa na haraka. Leo ndiyo nimejua."

"Sijaelewa, dada. Nionyeshe."

Ikabidi amfundishe. Alichukua karatasi iliyoharibika kwenye mashine, akachora nyuma yake watoto watatu, umri huku, kilo kule, kisha akauhamisha umri kwa mishale. Mishale ilipinda. Kitinda alielewa kabla ya mshale wa pili kuisha, upesi kuliko yeye alivyoelewa mabano.

"Kwa hiyo huyu wa fomu ya tano, mwenye kilo kumi na nane. Hakuwa na miezi saba."

"Hakuwa."

"Alikuwa anakaribia miaka mitano. Namkumbuka. Aliipiga mizani teke." Kidogo acheke, akaacha. Akaendelea kushuka na jedwali, fomu kwa fomu, midomo ikimcheza bila sauti. Mwanafunzi mmoja alifika mlangoni na daftari, akawatazama, akaondoka.

"Unajua, dada," alisema Kitinda baadaye, "nilifika mahali nikawa najiuliza kama kweli nilizibuni. Nakumbuka nyumba zote, nakumbuka watoto, lakini nawaza labda nilichoka, labda nilijaza tu. Mtu mwenye akili zake kama wewe unasema. Nikaona labda mimi ndiye sijijui."

"Jumapili nitawaita wote," alisema Daktari. Alikuwa anaongea haraka mno. "Shangazi, kaka, watoto. Nitasema palepale sebuleni. Nitapiga magoti mimi. Na miradi yote nitaiandikia barua, mmoja mmoja, na mafunzoni kesho nitasimama niwaambie faili lilikuwa langu. Nitasema kila kitu."

"Sawa. Waambie."

"Nitawaambia."

"Shangazi atasikia, kaka atasikia," alisema Kitinda, akikunja ile karatasi ya mishale mara mbili. "Na mama?"

Daktari akaifunga kompyuta.

"Wiki ile ya mwisho aliniita peke yangu," alisema Kitinda. "Ninyi mlikuwa nje mnaongea na daktari wa wodi. Akanishika mkono. Akaniambia, mwanangu, ule uongo wako hata mimi nimekusamehe, usiubebe. Nami sikutaka kumsumbua. Niliona akiondoka na amani ni bora kuliko mimi kushinda." Sauti yake haikupanda. "Nikamwambia asante, mama. Dada, nilimshukuru."

Kitinda hakulia. Daktari ndiye aliyelia, na akaona aibu hata kwa hilo, maana haikuwa zamu yake.