Nzanzu Anaongea na Kernel

Ile asubui Domitille alikuwa anachagula maharagi mu dépôt yake ya kuuzisha biakula, ku commune ya Kamalondo, mbali na vita, wakati message ya mudogo wake iliingia. Marie-Thérèse alikuwa Goma. Vita ilishaingia kule, masimu yote ilikufa; kwa dépôt yao ya kule Goma kulibakia tu antenne moja ya satellite na ordinateur ya Linux yenye kupitisha internet. Aliuliza kitu moja: majirani banatoka saa sita, naye atoke na batoto ao abakie? Na akitoka, ataenda kwa nani?

Domitille akaandika jibu, na jina ya rafiki yake Victorine mwenye anaikalaka karibu na mupaka. Mbele atume, Nzanzu akamushika mukono.

Nzanzu, mudogo wa bwana yake, alikuwa ingénieur. Hakuna mutu alikuwa anasahau, juu alikumbushaka bantu kila siku mbele ya chai. Alisema réseau ya Goma iko lourde, inaenda pole pole sana, angoje kiloko, ataitengeneza akiwa hapa hapa. Bengine banaandikaka commande kama bantu ba zamani. Yeye eko na pyroute2, bibliothèque ya Python, ile luga ya kuandikia ma programme, yenye kuongea na kernel yenyewe, ile roho ya Linux yenye kujua mulango gani ya réseau iko wazi.

"Shemeki, mi sipitiake kwa secrétaire," alisema. "Naongeaka na chef."

Akavaa lunettes. Akaingia mu machine ya Goma kwa ile ile antenne, akafungula Python, akaandika mustari moja: mulango ya antenne, down. Tunafunga kwanza, alifasiria, kisha tunafungula mupya, propre. Akafinya.

Écran ikanyamaza. Akaandika mustari ya pili, up. Hata herufi moja haikuonekana.

"Chef anasema nini?" Domitille akauliza.

"Alikubali."

"Basi umuambie afungule."

Nzanzu akatosha lunettes, akaipanguza muda murefu. Ile neno ya kufungula ilipashwa kupitia mu mulango yenye alitoka kufunga. Kule Goma ilitosha mutu azimishe machine na kuiwasha, lakini kwa kumuambia Marie-Thérèse vile, ni lazima kwanza apate réseau. Nzanzu akaanza kufasiria kama kosa ni ya satellite.

Domitille hakumusikiliza. Akatuma jibu yake: "Toka na batoto. Victorine anakungojea ku barrière ya mupaka."

Kakatokea kaalama kamoja ka kijivu, kenye kusema message ilitoka lakini haiyafika. Saa sita ikapita. Kalikuwa kangali kamoja.