Kibuyu cha Maji ya Chumvi

"Toa mkono wako, askari, huyu si mzigo wa pamba," alisema Bi Zabibu, akamnyakua mjukuu wake.

Mwanajuma alikuwa na siku ya nne hajala. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba, linang'aa kama dafu. Mbele yao, barazani pa shule ya serikali, mganga wa Kijerumani alikuwa akipita kinywa kwa kinywa na koleo lake na chupa ya dawa ya ganzi.

"Dawa ni ya watoto wa shule," alisema Mwinyimvua, akida aliyewekwa na Wajerumani kuitawala Ruaruke. "Huyo wa chuo cha Kurani, akasomewe na mwalimu wake."

"Na wa shule aliwachagua nani?"

"Mimi."

"Ndiyo maana mstari mzima una pua yako."

Watu wakajikuna midomo wasicheke. Mganga hakuelewa neno; akamwita mtoto mwingine, mwenye meno meupe pe.

Bi Zabibu hakurudi nyumbani. Alitandika mkeka palepale uani, uso kwa uso na baraza. Msusi wa mikeka yule. Miaka arobaini alikuwa akijua sindano ipite wapi ukili wa mkeka usichanike. Akachomoa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea, akaichoma kwenye makaa ya mpishi wa shule. Kando akaweka kibuyu.

Akida akaruka. "Maji! Ana maji!"

Mwaka ule neno hilo lilikuwa linanyonga watu. Umatumbini watu walikuwa wamekunywa maji ya dawa wakaenda kuzikabili bunduki, na mwenye kibuyu ndiye mwenye vita. Askari watatu wakaelekeza bunduki. Hakuna aliyesogea.

"Ya chumvi haya, ya kusukutulia. Onjeni!"

Wakatazamana. Atakayeonja, kesho ataambiwa amekula kiapo.

"Onja wewe, Sadala," askari mmoja akamwambia mwenzake.

"Kwa nini mimi? Si wewe mkubwa?"

"Mkubwa haonji. Mkubwa anaamuru."

Walipokuwa wakisukumana hivyo, Bi Zabibu alimlaza mtoto mapajani. "Fungua kinywa, mwanangu. Fungua kama unataka kumtukana akida."

Kikafunguka chote. Shazia ikaingia mara moja, pale ufizi ulipolainika. Yowe moja, usaha ukatoka. Mtoto akasukutua, akatema, akasukutua tena.

"Bibi," akasema, "nataka uji."

Mganga alikuwa ameshuka. Akainama, akachungulia kinywa cha mtoto, akaitazama shazia, akasema jambo kwa lugha yake, akitabasamu. Mkalimani wake akamwangalia akida, asitafsiri.

Akida akakipiga kibuyu teke. "Kesho utafika bomani, kizee we!"

"Nitafika. Leo nina uji wa kukoroga."

Maji yakatambaa juu ya udongo mgumu wa ua, polepole, yakiwafuata askari. Sadala akainua buti moja, kisha la pili. Wenzake nao. Na akida, huku bado anafoka, akakusanya kanzu yake kwa mikono miwili na kupanda ngazi ya baraza kinyumenyume.

Mwanajuma akacheka, kwa nusu ya mdomo.