Ujumbe kwa Watumishi Wote

Mume wangu Mahona alikuwa amelazwa Mwanza kwa ugonjwa wa figo, na mimi nilikuwa Bariadi nikisubiri simu. Likizo yangu ya kuuguza ilikuwa imekwisha. Mdogo wake, Salu, alikuja kunipokea zamu ya kuuguza pale wodini, akaniambia, "Shemeji, rudi kazini, watoto wanakula mshahara wako. Likitokea lolote nitakupigia mwenyewe."

Ndiyo maana niliuza mbuzi nikanunua simu. Kabla ya hapo sikuona haja yake. Minara ya simu ilifika mjini kwetu kabla ya lami, ikaja karibu pamoja na kampuni za watu binafsi zilizoruhusiwa kununua pamba, na Mahona alikuwa karani wa mojawapo kule Kasoli. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa simu. Mimi nilikuwa mtu wa mafaili, masijala ya halmashauri, enzi hizo Simiyu haijawa mkoa na barua zetu kubwa zikitoka Shinyanga.

Kila Ijumaa tukifunga ofisi tulikutana kwenye banda la chai nyuma ya halmashauri. Hakuna mkubwa aliyetuita wala posho iliyotolewa. Aliyeanzisha ni Januarius wa idara ya mipango, kijana kutoka Bukoba aliyesomea kompyuta Dar es Salaam. Ijumaa ya kwanza alikuja na kipanya tu, kompyuta yenyewe ikiwa imefungiwa ofisini, akatufundisha kukishika na kukisukuma juu ya meza kati ya vikombe. Watu wa sokoni walikuja kutuangalia watu wazima tukisukumana kwa zamu. Wakatuita Kijiwe cha Panya, na jina likakaa.

Pale mtu alileta wazo lolote alilonalo. Bundala, bwana mifugo, alitaka alama za ng'ombe wa wilaya nzima ziingizwe kwenye kompyuta ili mwizi akikamatwa mnadani asibishane. Josia, katibu wa mfuko wetu wa kufa na kuzikana, alitaka njia ya kutangaza misiba haraka, maana barua yake ilichukua siku mbili kuzunguka idara zote na mara nyingine watu waliisoma wakati maziko yamekwisha.

Ijumaa ninayoikumbuka nilifika mapema, nikaweka simu mezani mbele yangu.

"Evalina," Bundala akasema, "simu hiyo unaiatamia kama kuku."

"Niache. Ikitotoa nitakugawia."

Josia akaja na chai na chapati mbili, akaziweka mbele yangu. "Kula, dada."

Bundala akamwangalia. "Leo Josia ananunua? Jamani, anueni nguo, mvua inakuja."

Watu wakacheka. Josia hakucheka, wala hakukaa. Alisimama mlangoni akitazama barabara, nikadhani anamsubiri mdeni wake.

Januarius alifungua kompyuta ndogo ya kukunja, akaiunganisha na simu yake kwa waya. "Mkurugenzi akitaka kuwaita watendaji wa kata," alisema, "dereva anazunguka na barua kutwa nzima. Mimi namba zenu zote nimeshaziingiza humu. Leo mtaona watumishi wote wanaitwa kwa kidole kimoja."

"Na mafuta ya gari?" Bundala akauliza.

"Yatabaki kwenye tanki."

"Basi wazo lako zuri, lakini dereva atakuloga."

Januarius akabonyeza. Tukasubiri. Mtu akauliza kama ndizi za Bukoba zinapikwa polepole hivyo, Januarius akamwambia avute subira. Halafu simu ikalia kona moja, ikalia nyingine, zikaitikiana banda zima kama vyura baada ya mvua. Watu wakapiga makofi. Januarius akainua mikono juu kama mchezaji aliyefunga goli.

Yangu nayo ililia. Wazo langu la kwanza lilikuwa Salu. Vidole vyangu havikuwa vimezoea, nikachelewa kufungua. Bundala aliyekuwa mbele yangu alifungua kabla yangu, na nikaona kitu ambacho mpaka leo nakiona: mdomo wake ulikuwa bado unacheka lakini macho yalikuwa yameacha.

Nikasoma.

*TANZIA. Mahona, mume wa Evalina wa masijala, amefariki leo Mwanza. Msiba Malampaka. Mchango apewe Josia. Evalina bado hajaambiwa, tunzeni siri.*

Nikarudia kusoma. Makofi yalikuwa yamekatika, ila mtu mmoja wa nyuma aliyekuwa hajafungua yake aliendelea kupiga peke yake mpaka akashikwa mkono.

"Januarius," nikamwambia, "majaribio ndiyo unaandika hivi?"

Alikuwa hajasoma. Akainama kwenye skrini, akasoma. "Dada, mimi niliandika Ijumaa njema," alisema. "Mimi nimeandika Ijumaa njema tu."

Wakati anasema hivyo simu zikalia tena. Zote, kona moja hadi nyingine, na yangu mkononi ikatetemeka. *Ijumaa njema kutoka Kijiwe cha Panya. Haya ni majaribio.*

Hakuna aliyeinua mkono kuizima yake. Zililia mpaka zikamaliza.

Baadaye nilielezwa. Salu alikuwa amempigia Josia mchana na kumwambia afanye kama inavyofanywa kwetu: mke haambiwi njiani, anaambiwa mgonjwa amezidiwa, anachukuliwa taratibu mpaka nyumbani kwa wakwe, na hapo mkubwa wa ukoo ndiye anayetamka, akina mama wakiwa wameshakaa kulia na kushoto ili mtu akianguka aangukie mikononi mwao. Josia alifanya yote. Aliniacha nije kijiweni nisije nikashtuka. Aliomba gari. Na kwa kuwa alikuwa amefurahia sana njia mpya, aliandika tangazo kwenye kompyuta ya Januarius, akamwambia kuna ujumbe wa mfuko humo, wautume jioni. Januarius alipounganisha waya, uliokuwa unasubiri ukatangulia. Kwenye orodha ya watumishi wote hakuna aliyekumbuka kwamba na mimi ni mtumishi. Hata wangeutuma jioni ungenikuta njiani, ndani ya gari.

Lakini pale bandani sikujua hayo. Nilijua tu kwamba chai yangu ilikuwa bado inatoa mvuke na kwamba watu wote walikuwa wanaangalia meza. Sikulia. Nilikunja kipande cha chapati nilichobakiza, nikakiweka sahanini.

Gari likasimama nje. Akashuka dada Felisita, mkubwa wa utumishi, ambaye simu yake aliisahau ofisini. Aliingia na uso ambao bila shaka aliuandaa njia nzima.

"Evalina, mdogo wangu," akasema kwa upole, "Salu amepiga simu. Mgonjwa amezidiwa kidogo. Twende nyumbani, Malampaka, ukae na wazee."

Akatazama huku na huku.

"Amezidiwa kidogo tu," akarudia. "Msimtazame hivyo, mtamtisha."

"Dada," Josia akasema kutoka mlangoni. "Ameshasoma."

"Amesoma nini?"

Josia akampa simu yake. Felisita alisoma, akakaa kwenye benchi bila kuangalia kama kuna mtu. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamwinua. Nilimwambia twende, wazee wanasubiri.

Barabara ya Maswa ilikuwa vumbi tupu. Tulikuwa sita garini: mimi, Felisita, akina mama wawili wa idara ya afya, Josia na dereva. Nilijaribu kumfikiria Mahona, nikashindwa. Nilichokuwa nakiona ni maneno *tunzeni siri*, na nikajiuliza wameambiwa watu wangapi wamfiche mtu ambaye naye ameambiwa.

Tulifika Malampaka wakati wa magharibi. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa kando ya zizi, wengi kuliko siku za kawaida, wakiongea chini chini. Mama mkwe wangu, Nyanjige, alikuwa peke yake mbele ya nyumba, akichagua michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, kwenye ungo. Nikajua papo hapo kwamba yeye bado. Walikuwa wanasubiri mimi nifike ndipo watuambie pamoja.

Nikapiga magoti, nikamwamkia mama kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Mgonjwa umemwacha na nani?"

"Na Salu."

"Anaendeleaje?"

Nilitazama kwenye zizi. Mzee Maganga, baba mkubwa wa Mahona, alikuwa ameanza kuinuka lakini magoti yake hayakumsaidia haraka.

"Amezidiwa, mayu," nikasema.

Akaliangalia gari letu moja kama vile yalikuwa mengi. Akawaangalia akina mama waliojifunga khanga viunoni na Josia aliyekuwa amevua kofia.

"Na hawa wamekuja hapa kumwona mgonjwa aliyeko Mwanza?"

Akaweka ungo chini.

"Wewe umeambiwa?"

"Ndiyo, mayu."

"Na nani?"

Nikatafuta jina la kumpa. Haikuwa kweli kusema Josia, wala Januarius. "Hakuna aliyeniambia," nikasema. "Nilisoma kwenye simu."

"Ulikuwa umekaa na nani?"

"Na watu wengi."

"Wakakushika?"

"Hawakujua kama nasoma, mayu."

Hakuuliza nimesoma nini. Alisogea kwenye mkeka, akanivuta kwa mikono yake miwili, mikono yenye unga wa michembe, akanikalisha ubavuni pake kwa nguvu ambayo sikuijua kuwa anayo. Akina mama wakaja wakakaa, Felisita kulia kwangu, jirani mmoja kushoto kwa mama.

Mzee Maganga akafika. Akakohoa, akaketi kwenye kigoda na kuanza mbali, kama ilivyo desturi. Alisema juu ya mvua iliyokataa mwaka huu. Alisema juu ya babu yao aliyehamia Malampaka na ng'ombe wachache, na watoto aliowazaa, na wale waliotangulia. Alitaja jina moja baada ya jingine. Ningeweza kumkatiza na mama angeweza kumkatiza. Tulikaa, mikono ya mama imenibana mkononi, tukamwacha aende hatua kwa hatua mpaka alipofikia kwa Mahona na kusema kwamba mtoto wetu hayupo.

Hapo ndipo nilipoanguka, na walikuwepo.