Tanga la Mkono Mmoja

Mwaka mzima Mama Pacha alilala na vipande vya nyuzi kwenye nywele. Fundi cherehani wa magauni, akajitia kushona tanga la upepo mdogo, jepesi kama mtandio, pana kuliko sebule yao. Sababu ilikuwa moja tu: mumewe alipata kiharusi, mkono wa kulia ukagoma, na mtu aliyezoea kupigana na matanga akabaki kuwasha injini.

"Hilo ni tanga, au ndiyo unaandaa matanga yangu?" Baba Pacha alimtania. Kisha akaitafutia mashua yao mnunuzi bila kumuuliza.

Sasa walikuwa wanaipeleka ng'ambo ya ghuba, mnunuzi akisubiri gatini. Bahari shwari, injini inakohoa, na wenyewe hawasemezani. Mama Pacha alikuwa na kinyongo, na haki yake. Angalau alikubaliwa kulipandisha tanga likiwa limeviringishwa, jembamba kama mpini wa ufagio, toka ncha ya mlingoti hadi kwenye kigurudumu kilichofungwa omoni, mbele kabisa. Kamba ya kigurudumu hicho ilipita ubavuni mpaka kwenye usukani: ukiivuta huku tanga linakunjuka, ukiivuta kule linajikunja.

"Ulione tu," alimwambia mumewe, kisha akaenda omoni.

Kiupepo kikaja, pembe moja ya tanga ikaanza kupepea.

"Kunja!" Baba Pacha alipiga kelele.

Lakini injini nayo ilikuwa inapiga kelele. Mama Pacha alisikia "kunjua", au moyo wake ndio uliosikia, akaivuta kamba kwa nguvu zote.

Lo! Tanga likamwagika. Mbele yote ikawa rangi ya ndimu iliyoiva. Halikupiga kishindo, lilijaa taratibu, na kwa upepo ambao usingezima hata kiberiti, mashua ikaanza kwenda. Baba Pacha akazima injini. Kimya kile kiliwaingia mpaka kwenye mifupa. Mama Pacha alikijua kila kishono, alikuwa amejidunga sindano juu yake asijue mara ngapi, na bado hakuamini kwamba ni yeye aliyelishona dude lile. Alijiona mdogo mno chini yake, na akafurahi.

"Nilisema kunja," mumewe alisema kwa sauti ya chini.

"Basi kunja mwenyewe. Kamba hiyo hapo."

"Kwa mkono upi, mke wangu?"

"Huo ulio nao."

Baba Pacha akalegeza kamba iliyoshika pembe ya tanga, akavuta ile ya kigurudumu kwa kushoto. Kigurudumu kikazunguka, na jitu lote lile likajisokota kimya kimya mpaka likaisha. Baba Pacha aliutazama mkono wake kama mgeni. Akavuta upande wa pili, likafunguka. Akakunja. Akakunjua. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana mkono ulikuwa na kazi.

Gati lilishakaribia, mnunuzi anawapungia.

"Tunamwambia nini?" Mama Pacha aliuliza.

"Mpungie na wewe," alisema Baba Pacha, akausukuma usukani kwa kiuno, na mashua ikageuka polepole kuelekea bahari kuu.