Maua Yaliyolala

Jana maua yalikuwa yameinuka juu ya kadi za harusi, unayapapasa hata ukifumba macho. Asubuhi hii yalikuwa yamelala yote, yamebaki madoa ya rangi ya waridi.

Aliyeyainua ni wifi mtu, kwa mashine yake ya mkono: karatasi ngumu kati ya vibao viwili vilivyochongwa maua, kisha anauvuta mpini kwa nguvu zake zote. Mke wa kaka yake, ambaye yeye wifi alimbandika jina la Rangi, kazi yake ilikuwa kupaka. Na sheria ya chumba kile ilikuwa moja: unga mkavu wa chaki, kwa ncha ya kidole, unapita juu juu kama unayemfuta uso mtoto aliyelala.

Jana Rangi alikuwa na haraka. Alichovya brashi kwenye maji.

Wifi alipapasa kadi moja, akacheka. "Bibi harusi atadhani tumezimwagia juisi." Kisha akaushika mkono wake mwenyewe wa kulia, ule uliovunjika mwaka jana. "Basi ni huu. Haukugandamiza vya kutosha, ndiyo maana hayakukaa."

Rangi alifungua mdomo aseme. Likatoka jingine: "Pole, wifi."

"Pole ya nini, kwani wewe ndiye uliyeuvunja? Fundi wa jirani anaitamani hii mashine siku nyingi. Nampigia aje aichukue. Mimi nitakaa hapa nikusumbue tu, ulimi wangu bado mzima."

Rangi alijitia kucheka. Wifi alikuwa akiipangusa mashine taratibu, mpini, vibao, kama anayemwogesha mtu wa safari.

Wifi alipoichukua simu, Rangi alitoa kwenye boksi kadi moja isiyopakwa, ua lake limesimama. Akaiweka mbele ya wifi, akaidondoshea maji kwa brashi. Wakatazama wote wawili. Ua likanywa, likalegea, likalala.

Wifi aliweka simu chini. Alikunja ngumi ya kulia, akaikunjua.

"Ungeniacha niiuze?"

Rangi aliinamisha kichwa.

"Na mimi nimekaa hapa naukaripia mkono wa watu." Akavuta karatasi mpya. "Tunaanza upya. Chai yako leo nainywa mimi. Wewe na maji msionane."

Rangi akasogeza chaki. Mpini uliposhuka, wifi aliuma meno, maana mkono ulikuwa ukiuma kweli. Na kadi zilizobaki zilikuwa nyingi.