Barua ya Rekomande Iliyomfuata Papa Isidore

Mwezi wa pili wa mwaka 1976 Papa Isidore aliondoka Bukavu pamoja na nyumba yake. Hakuhama, aliiendesha. Miaka ishirini na minane alikuwa dereva wa misheni, na padri mmoja aliyerudi kwao alimwachia kombi kuukuu yenye kitanda, jiko la mafuta na mapazia ya maua. Papa Isidore akasema kwamba barabara zote alizowahi kugeuzia gari kwa sababu kazi iliishia pale, safari hii atazifuata mpaka aone zinaishia wapi. Akampandisha mke wake, maman Monique, pamoja na gunia la maharage, akavuka daraja la Ruzizi akipiga honi kama mwenye arusi.

Nyumbani Kadutu alibaki binti yao Emérence, mwenye diploma ya serikali na ulimi usiolala. Kazi aliyoachiwa ilikuwa moja. Papa alimwandikia orodha ya miji: Kigali, Bukoba, Mwanza, Tabora, Kigoma, Bujumbura.

"Kila barua inayofika hapa, unaituma poste restante ya muji wa mbele. Itaningojea pale posta mpaka nifike. Umesikia? Wa mbele! Na usifungue barua ya mutu."

"Nimesikia, papa."

Alisikia vizuri sana.

Miezi miwili mambo yalikwenda sawasawa. Kadi ya papa ikifika, "Niko Kigali, mama yako anaumwa mugongo, mipira ya gari imebaki kama karatasi," Emérence alihesabu siku na kutuma Bukoba barua za kaka yake na za parokia. Kwenye bahasha aliandika Citoyen, yaani mwananchi, na jina la kikwao, Cirhuza, kwa kuwa serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo. Nyumbani Isidore alibaki Isidore, na Mungu hakulalamika.

Ndipo akaja papa Philémon, mfanyabiashara wa Minova, mjane mwenye duka, mtumbwi wa mota na tumbo lililoingia sebuleni kabla yake. Alitoa bahasha mfukoni mwa koti lake la abakosti.

"Ni ya papa yako. Mimi ni mutu wa kisasa, sitembeze wazee njiani na mitungi ya kasiksi. Nimeandika. Ng'ombe ine. Na mipira ine ya gari, mupya, ingali inanuka duka!"

"Mipira ya nini, papa Philémon?"

"Ya kukuoa wewe, mutoto. Unazani ni ya kucheza?"

Ng'ombe hawakumtisha Emérence. Kilichomtisha ni mipira. Alimjua baba yake. Mtu aliye mbali na kwao, anayesikiliza kila jiwe likigonga chini ya kitanda chake, angejibu ndiyo kabla hajamaliza kusoma. Na mwezi wa kumi Emérence alitakiwa kuanza masomo ya ualimu pale mjini. Jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha. Philémon hakuficha kitu: mke wake hatasoma, atakaa dukani Minova apime chumvi.

Sasa, laiti Philémon angefuata desturi ya kwao Bushi, msichana asingekuwa na la kufanya. Wazee wangefika na kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kwa kuwa baba hayupo, ndugu yake, amu wa msichana, angeipokea. Tonton Déogratias wa Nyantende hajawahi kukataa mtungi tangu azaliwe. Lakini barua yenye jina la baba ni ya baba peke yake. Hakuna ndugu wa kuifungua, wala wa kuijibu. Kwa kupenda usasa, Philémon alikuwa ameitia posa yake mikononi mwa msichana yule yule aliyekuwa akimposa.

Emérence akaenda posta siku hiyohiyo. Ignace, karani wa dirisha, akaisoma anwani mara mbili.

"Kigali? Papa yako si alitoka Kigali? Juzi umetuma za Bukoba."

"Tonton Ignace, serikali ilikuweka hapa kupiga muhuri ao kumuchunga papa yangu?"

"Sawa. Ya kawaida?"

"Rekomande. Asaini mwenyewe, mutu mwingine hapana."

Ignace akapiga muhuri huku akimeza kicheko.

Barua ikafika Kigali, ikakaa wiki zake za kungoja, wakati mwenyewe yuko Bukoba anakula sangara. Kisha ikarudi Bukavu kwa aliyeituma. Emérence akafuta Kigali, akaandika Bukoba. Papa alikuwa Tabora.

Kila Philémon alipokuja mjini kununua bidhaa, alipita Kadutu.

"Amejibu?"

"Soma mwenyewe, papa." Emérence alimpa risiti. "Rekomande, Bukoba, muhuri huu hapa."

Philémon alipapasa ule muhuri kwa heshima. Safari nyingine alikuta risiti ya Tabora, akakunja uso.

"Papa yako anakimbia barua yangu?"

"Ni gari njo inakimbia. Na ile mipira yake mubaya! Huruma tu."

"Basi nitapiga telegramu kwa muji wa mbele, Kigoma. Kesho!"

Telegramu ingemkuta papa kabla hajaondoka, lakini ulimi wa Emérence uliwahi. "Vizuri. Karani wa Kigoma ataisoma na sauti mbele ya watu wote: Philémon wa Minova anaomba bibi, anaongeza mipira ine. Watacheka mpaka Ujiji."

Philémon akaona afadhali angoje.

Mwezi wa kumi, Emérence akiwa ameanza masomo wiki nzima, honi ikalia kutoka upande wa Uvira. Kombi iliingia uani ikichechemea, gurudumu moja limejazwa majani badala ya upepo. Habari zikamfikia Philémon upesi. Jumapili alikuwa sebuleni, na barua, iliyokwisha kurudi kutoka Tabora, ilikuwa juu ya magoti ya Papa Isidore.

Papa aliigeuza, akaigeuza tena.

"Kigali, mwezi wa tano. Mwezi wa tano nilikuwa Bukoba. Bukoba, mwezi wa saba. Nilikuwa Tabora!" Akainua macho. "Barua za parokia zote zilinikuta. Hata ile ya kuomba muchango wa kengele. Hii moja tu ilikuwa inatembea nyuma yangu?"

"Ndiyo, papa."

"Nilikuambia muji wa mbele. Ulikosea?"

"Hapana. Hata mara moja."

Maman Monique akaziba mdomo kwa kitenge, mabega yakimtetemeka.

"Unacheka nini, Monique?"

"Ni mugongo, baba. Mugongo tu."

Philémon akasimama, vifungo vya abakosti vikilalamika. "Citoyen, huyu mutoto amenifanya mupumbavu miezi sita! Aniombe musamaha!"

"Kama ungeleta kasiksi kwa tonton Déogratias," Emérence akasema, "ningekuwa Minova sasa hivi. Pombe haiingie kwenye bahasha, papa Philémon."

"Nyamaza!" Papa Isidore alitazama nje, gurudumu lililotoka majani, kisha barua. "Mipira ine," akasema polepole, kama mtu anayetaja jina la marehemu. "Emérence, piga magoti. Uombe musamaha kwake na kwangu."

Emérence hakupiga magoti.

"Papa, ungeipata pale Bukoba, ungejibu nini?"

Papa Isidore hakuwa mtu wa uongo.

"Ningejibu ndiyo."

"Basi siombe musamaha," Emérence akasema. "Wala kwake, wala kwako."